Mto Kafwimbi na Mabuti Mapya ya Tata

Kapata, 3 Machi 2024

Laurentine, mutoto wangu,

Ninakutangazia kwa heshima zote: leo, mbele ya mama yako na kuku watatu, tata yako amevaa mabuti mapya ya mpira. La kushoto linabana. Hapa tuko wazima. Na wewe, kile kikohozi cha Lubumbashi kiliisha?

Ile maana ya jina la mto Kafwimbi unayoitafuta kwa memwari yako ya kumaliza masomo, nimeipata. Nilifika kule mtoni na mabuti haya, nikamuuliza mama Tshibola, mukubwa wa bamama wanaochota maji pale. Kafwimbi alikuwa shujaa: alichoma mwamba kwa mukuki, maji yakatoka. Andika hivyo.

Tata yako, Kisimba

Lubumbashi, 11 Machi

Tata mupendwa,

Kikohozi kiliisha. Pole kwa mguu wa kushoto.

Profesa amependa ule mukuki. Anataka niusome mbele ya wote tarehe 30. Lakini mama anasema mabuti yako yangali na karatasi ya duka chini, hayajaona tope. Tata, mtu anafika kwenye mto Kafwimbi bila kukanyaga tope? Wakinikamata na uongo, mwaka wangu wote umeanguka. Niambie tu. Sitacheka sana.

Mutoto wako, Laurentine

Kapata, 19 Machi

Mutoto wangu,

Mama yako anakusalimu. Mi nina mafua, na sababu yake ni hii.

Mara ya kwanza niliishia kwenye kiwanja cha mama Tshibola. Alinipa bidoni ya kuchotea maji: kwao, anayeuliza jina la mto anamuchotea kwanza maji ya mto huo yule wa kujibu. Mi, karani tangu miaka ishirini, nibebe bidoni kichwani na tai shingoni, mbele ya bamama? Nikapanda pikipiki nikarudi. Ule mukuki niliutengeneza mwenyewe njiani.

Jana nilirudi. Nikachota, nikateleza, mabuti yakajaa, tai ikaelea. Bamama walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Tshibola akaniangalia ninavyochuruzika, akasema, "Sasa umeuliza."

Kafwimbi alikuwa mama tu, na shamba lake la mihogo pale kando. Watu wakienda kuchota walisema, "Tunaenda kwa Kafwimbi." Akafa, wakaendelea kusema hivyo. Ndiyo yote.

Andika hiyo. Profesa akisikitikia mukuki, mwambie ulikuwa wa tata yako. Akitaka shahidi, mabuti yangu yako juu ya ukuta, hayajakauka mpaka leo.

Tata yako