Mashine Inayoamka na Ukoo Wake

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Dakika ishirini na sita leo. Nimewasha kompyuta, nimefagia ofisi, nimechemsha chai, nimeinywa — kile kijisaa cha mchanga bado kimekaa tu kwenye kioo. Nje malori yamejipanga kungoja karatasi za forodha, na hazitoki mpaka mimi nizichape. Dereva wa mayai aligonga dirisha kusema akicheleweshwa zaidi atavuka Uganda na vifaranga.

Mzee Okwara, bosi wangu, alipita akasema shida si mashine, ni mikono ya anayeigusa. Protus akacheka. Protus ni mpwa wake. Alitoka Nairobi Agosti na cheti cha kompyuta cha wiki sita, kimefunikwa plastiki kama menyu. Kabla aje, mashine ilikuwa inawaka kwa dakika nne. Amekuwa akiiongezea vitu tangu siku ya kwanza. Nikisema hivyo naambiwa ni wivu.

Jumanne, 6 Oktoba
Sista Petronilla wa shule moja kule Sigalame alikuja na vitabu vya msaada kutoka Jinja, anataka karatasi zao. Stima ikapotea, ikarudi, ikabidi tuanze upya. Nilidhani atatoa rozari. Akatoa miwani, akavuta kiti.

— Hii mashine yako inaamka na ukoo wake wote. Nani aliwaalika?

Akanionyesha. Kuna folda inaitwa StartUp. Kila kitu kilichowekwa humo hujifungua chenyewe kompyuta ikiwaka, kitakiwe kisitakiwe. Nitoe kimoja, nizime, niwashe, nipime. Nisifute kitu, nihamishe tu kando. Nikitoa vyote kwa pupa na kitu kiharibike, sitajua ni kipi. Ya kuzuia virusi nibakishe, lakini moja.

Nikamuuliza kama ni dhambi kugusa bila ruhusa ya bosi.

— Hiyo muulize padre. Mimi ni mwalimu wa hesabu.

Jumatano, 7 Oktoba
Mzee na Protus wameenda Busia mpaka Ijumaa. Nafasi ndiyo hii.

Nikafungua folda. Vitu kumi na moja! Saa kubwa ya mishale, na ukutani tuna saa. Samaki wa kuogelea. Programu ya faksi, na ofisi haina faksi. Kamusi ya Kifaransa — Protus hata Kiluhya cha nyumbani kinamtoa jasho. Programu mbili za virusi, nadhani zilikuwa zinashikana mashati zenyewe kwa zenyewe. Kingine cha kutabiri siku ambazo mtu atakuwa na nguvu.

Nilitoa faksi kwanza: dakika ishirini na mbili. Kamusi: kumi na tisa. Virusi moja: kumi na moja. Ikikataa kuwaka, nitamwambia Mzee nini? Kwamba nilitumwa na mtawa?

Alhamisi, 8 Oktoba
Dakika tano.

Sasa naandika polepole.

Kila kitu kinachojifungua huweka kitufe chake chini ya kioo. Vilikuwa vingi, vimebanana, hata jina halisomeki. Leo vimebaki vitatu, kila kimoja kimepata nafasi ya kunyoosha miguu. Cha mwisho kimeandikwa: Barua kumwachisha kazi Jasinta.

Nikakibonyeza. Barua. Kwamba kuanzia mwisho wa Oktoba ofisi haitahitaji tena huduma zangu kwa sababu ya uzembe na kuchelewesha malori, na kazi zangu atachukua Bw. Protus. Nafasi ya Mzee kutia sahihi ipo, tupu. Iliandikwa tarehe nne Septemba. Huyo mtaalamu Protus alikuwa anataka kuificha, akaiangusha kwenye folda isiyofaa.

Yaani mwezi mzima, kila asubuhi, nimekuwa nikingoja barua ya kunifukuza imalize kufunguka ndipo nianze kazi.

Nilienda choo cha nyuma nikalia kidogo. Mama yangu kule ufukweni Sio Port anaanika dagaa wa omena na mgongo unamuuma, anajua mimi niko ofisini. Kisha nikarudi, nikahesabu makosa ya tahajia. Tisa, pamoja na jina langu: mimi ni Jacinter, si Jasinta. Nikayasahihisha yote, nikaihifadhi. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa lugha nzuri. Halafu nikaitoa kwenye folda.

Dakika tatu na nusu.

Ijumaa, 9 Oktoba
Mzee amerudi. Saa tatu asubuhi malori yote ya usiku yalikuwa yameshapita. Akasimama mlangoni akitafuta foleni. Kisha akampiga Protus begani: Nilijua tu, elimu ni elimu. Protus akasema aliifanyia marekebisho kidogo kabla ya safari.

Nikaendelea kuchapa. Kuhusu barua sikuuliza. Sijui kama Mzee ameiona, au ni ndoto za Protus peke yake.

Jumatatu, 12 Oktoba
Mama Anyait, mwenye ofisi ya ng'ambo ya barabara, alikuja asubuhi. Yake inachukua nusu saa. Amesikia yetu imepona. Mzee akavimba: chukua mtaalamu wangu. Protus akaenda na cheti chake.

Baada ya saa moja Mama Anyait akarudi mwenyewe. Hakuketi. Akasema sasa haiwaki kabisa, Protus amefuta vitu ovyo. Kisha akanitazama mimi, si Mzee.

— Dada, ni wewe uliyetengeneza hii?

Nikasema ndiyo. Mzee akasema Jacinter ana kazi za kuchapa. Nikamwambia zimeisha, ziko mezani kwake. Nikachukua mkoba.

Naandika nikiwa kwa Mama Anyait. Nimepata vitu kwenye pipa la taka la mashine, nimevirudisha, imewaka. Sasa natoa kimoja kimoja. Ameniletea chai na andazi, ameniuliza nina miaka mingapi kwenye hii kazi, na kama ningependa meza ya pale dirishani. Nimesema ngoja kwanza niwashe tena.

Mzee Okwara amevuka barabara. Amesimama kizingitini, kofia mkononi, na hakuna aliyemkaribisha. Anasema, Jacinter, mama, hebu toka nje tuongee kidogo. Mama Anyait anasema mwacheni amalize. Wote wawili wananiangalia, na mimi naangalia kile kijisaa cha mchanga. Kikitoweka, nitamjibu Mama Anyait kwanza.