Wati Themanini na Mbili

Jumanne, 13 Juni 1967

Jaribio la fizikia limerudi. Nimepata alama zote. Volti gawanya kwa ampia, unapata ukinzani. Volti mara ampia, unapata wati. Nimefanya yote na sielewi hata moja. Ukinzani ni kitu gani? Mwalimu anaeleza kwa Kifaransa, haraka haraka, nami siwezi kunyoosha mkono mbele ya wavulana. Hapa angalau naweza kusema sielewi. Naandika Kiswahili alichonifundisha koko, mama yake mama. Nyumbani hakuna mwingine anayekisoma.

Jumatano, 14 Juni

Taa zimefika kutoka kisiwa cha Nosy Be. Balbu kumi na mbili kubwa, kumi na mbili ndogo, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Baba mkubwa Salimu alizinunua kwa Mfaransa aliyefunga hoteli yake na kurudi kwao. Baba ameahidi mbele ya wazee wote wa msikiti kwamba taa za Maulidi mwaka huu ni zake. Kwetu ahadi ya namna hiyo hairudishwi.

Tatizo: hoteli ile ilikuwa na injini yake, volti 110. Umeme wa msikiti hapa Mahajanga ni 220. Fundi umeme kamwambia baba azifunge mbili mbili, umeme upitie ya kwanza ndipo uingie ya pili, zigawane. Kisha akaenda zake Boanamary kikazi. Baba amezipanga mwenyewe. Kubwa na ndogo, kubwa na ndogo. "Mkubwa amshike mdogo mkono." Koko alipenda sana. Hata mimi.

Alhamisi, 15 Juni

Nimehesabu taa zetu, kwa kujifurahisha tu. Kubwa imeandikwa wati 100, ndogo 40. Zote volti 110. Wati gawanya kwa volti: kubwa ampia 0.91, ndogo 0.36. Basi ukinzani wa kubwa ni omu 121, wa ndogo 303. Ndogo inazuia kuliko kubwa? Nimerudia. Vilevile.

Zikifuatana ni omu 424. Gawanya 220 kwa 424, mkondo ni ampia 0.52, uleule kwa zote mbili. Mara 303, ndogo inapata volti 157. Wati 82. Taa ya wati 40!

Kubwa inabaki na wati 33.

Nimekosea mahali. Sijui wapi.

Ijumaa, 16 Juni

Baada ya swala wamejaribu jozi tatu. Nilikuwa dirishani, upande wa wanawake. Ndogo ziliwaka nyeupe, kali, watu wakasema mashallah. Kubwa zilikuwa nyekundu kama kaa linalokufa. Halafu ndogo moja ikafa. Ya pili. Ya tatu. Kila ndogo ilipokufa, kubwa yake ikazimika nayo.

Bwana Abdallah wa duka la vitambaa akauliza kwa sauti, "Ndugu yangu, umetuletea taa au viberiti?" Wakacheka. Baba naye alicheka. Namjua baba. Hakuwa anacheka.

Kumbe sikukosea. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 17 Juni

Baba hakula. Anasema kaka yake kamletea taa mbovu, hataki kusikia jina lake. Jumatatu asubuhi atawaambia wazee kwamba ameshindwa, Bwana Abdallah alete taa zake. Koko analia jikoni na kusingizia moshi.

Nimesimama mlangoni kwa baba mara mbili. Nikarudi jikoni. Nitasemaje? Namba zenyewe sizielewi. Nazijua tu. Mtu anawezaje kujua kitu asichokielewa? Nimejichukia mchana kutwa.

Jumapili, 18 Juni

Baba alipotoka kwenda Antanimasaja nilifungua sanduku. Nikafunga taa kwa uzi, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Ndogo zimebaki tisa, kwa hiyo moja haina mwenzake.

Alipozikuta akaniita. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba."

"Wadogo peke yao? Nani atawashika?"

Nilimjibu huku natazama sakafu. Kubwa haiisaidii ndogo. Zikifungwa pamoja mzigo unaiangukia ndogo. Zikilingana, kila moja inapata 110 yake. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui, ndivyo hesabu inavyosema.

 Kisha akasema, "Kama mimi na Salimu." Akacheka, safari hii kweli. Akabeba sanduku, akatoka. Hakusema amekubali. 

Jumanne, 20 Juni

Maulidi yalisomwa jana. Kubwa zilikuwa uani kwa wanaume, ndogo upande wetu. Hakuna iliyokufa. Bwana Abdallah alikula sambusa chini ya mwanga wa taa zetu. Nilitazama jozi iliyokuwa juu yetu mpaka macho yakauma. Bado sioni kwa nini kidogo kizuie zaidi. Kesho nitanyoosha mkono nimuulize mwalimu. Pengine.

Asubuhi hii baba kaleta ile isiyo na mwenzake. Kaiweka juu ya daftari langu, akatoka. Nyumba yetu haina umeme. Nimeiinua kwenye jua la dirishani. Uzi wa ndani ni mwembamba kuliko unywele; labda ndiyo maana umeme unapita kwa shida. Sasa imelala karibu na taa ya mafuta, nimeizungushia kitambaa isibingirike.