Mama Aliyegonga Mlango Albert Park

Shikamoo dada Neema,

Durban kuna jua zuri la kuota na upepo unaotia mchanga hadi kwenye chai. Nashika maiki kwenye filamu ya Simran, Mpunjabi wa Nairobi anayesimulia, kwa pesa zake mwenyewe, habari za baba yake na wiski. Jana mchana, kwenye fleti tuliyokodi Albert Park, tulikuwa tunarekodi baba anavunja vyombo na mama analia. Mara mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa mama Mkongo wa fleti ya jirani, mwiko wa ugali bado mkononi.

"Niko nasikia mama analia," akasema. "Siendi popote mpaka nimuone."

Mwigizaji wa mama akatoka, akamweleza kwamba machozi ni ya kazi na wiski ni chai. Yule mama akamkagua mikono na shingo kwanza, ndipo akakubali kukaa na kula roti na dengu pamoja nasi.

Simran akamwongezea dengu. "Kwetu hakuna jirani aliyewahi kugonga," akasema. Nikamwambia wa kwetu Moshi walikuwa wanaongeza sauti ya redio. Basi ameamua kule kugonga kubaki kwenye filamu, na kesho mama yule anakuja kuigiza.

Wabusu watoto. Sauti ya mlango ninayo. Nikirudi tutaisikiliza mimi na wewe, tumejibanza chumbani kama zile siku za baba. Safari hii kuna mtu anagonga.

Mdogo wako akupendaye,
Eliya