Unene wa Mwanaidi

Tanga

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nimesimama dirishani pa wodi, usishangae mwandiko. Juzi ndugu yangu Mwanaidi aliponifungulia mlango pale Makorora nilipiga vigelegele. Mwaka huu wa foleni za unga na sukari, nani mwingine ana mashavu kama yale? Majirani walikuwa wakimsifu mumewe kwa kumlisha mke mjamzito. Kumbe ni uvimbe, Mama. Nilimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

Presha imepanda, wanasema kifafa cha mimba kinamnyemelea. Daktari alimshika mkono kwa muda mrefu, akaniambia, “Moyo wa mtu mzima wa afya hucheza na pumzi. Ukivuta hewa unakimbia, ukiitoa unapoa. Huu wake unakwenda mwendo mmoja tu, kama cherehani.” Tangu hapo naushika mkono wangu, kisha naushika wake. Wangu unacheza.

Wale samaki wa ng'onda uliompa nimewagawia majirani, maana chumvi amekatazwa. Wasalimie wote hapo Mwera. Na ukimaliza kuswali, Mama, muombee mwanao akonde.

Mwanao akupendaye,
Zuhura