Ubaya wa Dawa Utajwe Kwanza

Rahaleo, Mtwara
4 Machi 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mvua ilinikuta njia ya Mikindani nikalowa mpaka kofia. Goti lako limepoa?

Nimepata kazi, mama! Natembeza dawa za kampuni kwa madaktari na madresa, wale wasaidizi wanaotibu watu kwenye zahanati. Ni vidonge vipya vya homa ya matumbo, na kweli vinaponya. Meneja anataka vitolewe kwa kila homa, hata mafua. Dresa anayevitoa kwa wingi tunampa zawadi. Abdallah wa huko Msimbati nimempelekea baiskeli. Nilimwuliza meneja, "Na yale madhara ya damu yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa?" Akasema, "Usiyataje mpaka uulizwe." Mpaka leo hakuna aliyeniuliza.

Pokea kanga kwa mwenye lori.

Mwanao,
Muhidini

Msimbati
2 Aprili 1954

Mwanangu Muhidini,

Marahaba. Goti bado linauma, lakini muhogo nimemaliza kupalilia. Kanga imefika.

Mwajuma, binti wa jirani yetu Mwanakombo, alishikwa na mafua. Abdallah akampa vidonge vyako, vilipokwisha akamwongezea. Sasa fizi zinatoka damu, na mwili una mabaka kama kapigwa. Nilimwendea Abdallah: "Dawa hii ina ubaya gani?" Akanijibu, "Bi Mwaisha, wakala hakuniambia ubaya wowote."

Wakala ni wewe. Nijibu upesi: dawa inao ubaya au haina?

Mama yako

Msimbati
19 Aprili 1954

Muhidini,

Ningeuliza hali yako, lakini wewe barua yangu hukuijibu, wala hukuniuliza ya mtoto wa watu.

Mwajuma tumempeleka hospitali huko Mtwara, Mwanakombo yuko naye. Daktari anauliza mtoto kapewa dawa gani, na mama yake hajui jina la dawa. Abdallah ameingiwa na hofu, hasemi. Wewe unalijua, na hospitali si mbali na chumba chako. Nenda leo. Kama unaogopea kazi, kumbuka nilikulea bila kampuni.

Mama yako

Rahaleo, Mtwara
3 Mei 1954

Mama,

Shikamoo. Nilikwenda mara tu nilipoisoma barua yako. Nilimkuta Mwanakombo wodini anampepea mtoto. Nikamweleza daktari yote, Mwanakombo akisikia. Daktari akasema, "Umekuja kwangu mara ngapi kuisifu dawa hii? Mbona hili hukuniambia?"

Walimwongezea damu, haikusaidia. Habari ya msiba najua imekwisha kukufikia.

Daktari ametoa amri hospitalini: wakala asilete zawadi, asizungumze na wagonjwa, na ubaya wa dawa utajwe kwanza, ndipo sifa zake. Meneja aliposikia nilivyosema, akanifukuza. Sawa. Lakini amri hiyo ni ya hospitali moja, na zahanati nilizozunguka ni nyingi. Kesho naanza kwa miguu, Mikindani kisha Nanyamba, niseme kila mahali niliponyamaza. Msimbati nitamalizia. Huko naogopa, mama.

Mwanao,
Muhidini

Msimbati
11 Mei 1954

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua hii nampa dereva wa lori akutafute Mikindani.

Msimbati usiifanye ya mwisho. Abdallah bado anatoa vidonge vile. Juzi kampa mtoto wa Salumu mwenye kikohozi tu. Nilimpokonya mkononi, tukagombana watu wakajaa. Akanifokea, "Wewe ndiye daktari? Mwajuma kafa kwa ahadi ya Mungu. Wakala mwenyewe hajaja kuniambia kitu!" Basi njoo umwambie.

Nilimwuliza Mwanakombo kama ataridhia uje. Aliendelea kumenya muhogo, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Aje. Amwite Abdallah hapa kwangu, aseme mbele ya watu."

Kwa hiyo usipite njia ya shambani uje ujifiche kwangu. Nenda moja kwa moja mlangoni kwa Mwanakombo, ubishe hodi. Nitakuwemo ndani, nimeketi upande wake.

Mama yako,
Mwaisha