Rangi Nzito ya Wachimba Makaa

Pruitt Fork, Kentucky
4 Machi 1936

Baba mpendwa,
Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sipati. Mchoro wangu kwenye ukuta wa posta umebaki kidogo tu kumalizika. Wachimba makaa nimewapaka rangi nzito, kwa kisu, mpaka mikunjo ya nyuso zao inashikika kwa kidole. Bwana Thackston, mwenye mgodi, nimempaka rangi nyepesi, laini kama kioo, kama matajiri wanavyopenda.

Jana msimamizi wake, Gosnell, alisimama chini ya jukwaa la mbao ninalosimama kupaka rangi.
“Dada, mbona bosi kama mvuke, na hawa wachafu wanatoka ukutani kama wanataka kutupiga?”
Nikasema ni mtindo tu. Akacheka, akatikisa nguzo.
“Walainishe. Mbao hizi si imara.”
Baba, niling’ang’ania ukuta kwa kucha.
Binti yako, Ilona

Youngstown, Ohio
9 Machi

Mwanangu Ilona,
Kifua ni kilekile. Watu hao nawajua, nimewachimbia makaa. Walainishe, mama, urudi nyumbani. Picha haina mifupa ya kuvunjika; wewe unayo.
Baba yako

15 Machi

Baba,
Nakuombea nafuu. Nilijaribu. Nilianza kukwangua uso wa Orville Stamper, aliyefukiwa mgodini mwaka jana. Mjane wake, Verlie, akaingia kununua stempu.
“Wewe! Unamfanya nini mume wangu?”
Nikamweleza. Akaligusa lile shavu la rangi.
“Makunyanzi haya walimpa wao. Leo wanamtaka laini?”
Nikaurudisha uso, mzito kuliko mwanzo. Sasa kuna gari jeusi nje ya nyumba niliyopanga. Halizimi injini.
Binti yako

27 Machi

Ilona,
Mbona kimya? Kila nikimwona tarishi namkimbilia mlangoni. Andika hata neno moja.
Baba

6 Aprili

Baba,
Nisamehe. Niko kwa Verlie, chumba cha nyuma. Watu wa Thackston walikata nguzo ya jukwaa kwa msumeno. Nilianguka, nikavunjika mkono wa kushoto. Nikiwa kitandani, wakaupaka ukuta chokaa.

Verlie alikwenda kuangalia. Bosi kapotea kabisa, anasema, lakini wachimbaji bado wamevimba chini ya chokaa, na wake zao wanaingia kuwapapasa.

Mkuu wa posta anataka nikipona nikaikwangue chokaa. Nimekubali. Lakini nikisikia gari tu, nazima taa. Baba, ulipokuwa ukishuka shimoni, uliogopa?
Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,
Kila siku. Mama yako tu ndiye aliyejua.
Nakuja kwa treni ya Jumamosi. Nitakushikia ngazi.
Baba yako