Maneno Aliyoyasema Babu Nzioka

Cheektowaga, Buffalo

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje, na mguu umepunguza kuuma. Mama aliniambia mvua imewasahau tena. Sisi ni wazima. Mume wangu Musyoka ameizoea kazi ya ghalani, na watoto wanasoma, ingawa nikiwasemesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Bado naikumbuka nyumba yetu ya Reynoldsburg kule Columbus, lakini huku nako tumeshazoeana na majirani.

Jambo hili sikutaka kukupigia simu. Ningesikia umenyamaza, nami ningeliacha katikati.

Tulipohamia huku nilipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nikapelekwa kwa bibi mmoja wa Burma, anayekaribia miaka tisini, anayeishi na mjukuu wake wa kike, mtu mzima. Nyumba yao iko karibu na uwanja wa ndege; ndege zikipita, vikombe vinalia kabatini. Asubuhi ya kwanza niliingia, nikavua viatu, nikasalimu. Bibi aliweka kijiko chini, akanitazama sana, akasema, "Syombua."

Baba, hilo ni jina langu la nyumbani, na kitambulisho changu cha kazi kimeandikwa Grace peke yake. Mjukuu aliniambia neno hilo huwa analitaja usingizini na wao hawajui maana yake. Wahudumu weusi watano wamepita pale kabla yangu, na hakuna hata mmoja wao ambaye bibi aliwahi kumwita hivyo. Nikajiambia nimesikia vibaya.

Sijamaliza kumpangusa uso, ndege ikapita. Yule bibi, ambaye kuinuka kitandani ni mpaka ashikwe, alisimama mwenyewe akaenda mlangoni huku akipapasa ukuta, na njia nzima alikuwa akisema kwa Kiswahili: "Lala chini. Usiogope. Lala chini." Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume, na lafudhi ilikuwa ya Kikamba. Ilikuwa kama wewe ukiongea. Watu wake walidhani miaka yote ni sala ya kijijini kwao.

Nilipotoka kazini nilimpigia kaka Muthama kule Louisville, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa sana na babu. Akaniambia nimuulize huyo bibi kuhusu meno ya mwenye sauti hiyo. Kesho yake nikauliza kupitia kwa mjukuu. Bibi alifungua mdomo, akagusa meno yake ya mbele, akachora ncha hewani kwa kidole, kama meno yaliyochongwa ya Wakamba wa zamani. Halafu akataja jina bila mimi kumwambia. Lilitoka limepinda, lakini lilikuwa Nzioka.

Kwetu Nzioka hakufa, unajua. Kaka huyo mkubwa wa babu alienda vita vya Burma na jeshi la Mwingereza, karatasi ikaletwa ikisema hajulikani alipo, na mama yao, niliyerithi jina lake, akakataa matanga mpaka alipozikwa yeye mwenyewe. Ndiyo maana nilimwomba bibi anieleze yote.

Alikuwa na miaka kama minane. Askari weusi walipiga kambi karibu na kijito cha kijiji chao, na Nzioka alikuwa akimpa sukari na kumfundisha kuhesabu vidole. Siku moja mchana ndege za Wajapani zikaja. Nzioka alimsukuma ndani ya handaki, akamlalia juu, akawa anamwambia maneno yale sikioni. Mtoto hakuyaelewa. Alipouona uso wake ulivyokaza alidhani anafukuzwa, anaambiwa akimbie. Akachomoka, akakimbia. Nzioka akainuka kumfuata, na risasi zikampata yeye. Mtoto hakuguswa.

Alirudi akakaa naye mpaka jua likainama. Nzioka alikuwa akiita jina moja tu, Syombua, na mtoto akaelewa kwamba huyo ndiye atakayekuja kumchukua. Watu wa kijiji walimzika juu ya kijito, wakaweka mawe matatu.

Bibi alipomaliza alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. Akasema kitu, mjukuu akanigeukia.

"Anauliza, yale maneno, yule askari alikuwa anamwambia nini?"

Ndege ilikuwa inapita. Mara hii bibi hakuinuka. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikasema, "Alimwambia: Kimbia, mwanangu."

Mjukuu akamtafsiria. Bibi alifumba macho.

"Basi nilimtii," akasema.

Tangu siku hiyo hajaenda mlangoni, na usingizi wake umetulia. Asiyetulia ni mimi. Mara mbili nimekuwa jikoni kwake nikiosha vyombo, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, nikasikia nyuma yangu, polepole, kwa sauti ile: "Lala chini. Usiogope." Nikigeuka hakuna mtu. Bibi yuko chumbani amelala, mdomo umefungwa. Sijui kama ananituliza au ananisuta.

Nimeyageuza maneno ya mtu wetu, Baba, na sijutii. Ila yananielemea. Nakuomba uende kaburini kwa mama yake babu, umweleze kwamba mwanawe alikufa, kwamba alizikwa kwa heshima juu ya kijito, na kwamba alikuwa na mtu kando yake. Kisha mkae matanga, hata ya siku moja. Na pale kaburini yaseme maneno yake kama alivyoyasema, usipunguze hata moja. Huku hayatasemwa tena.

Nisalimie Mama, na shangazi aliyenilea nikisoma. Baba mdogo, yule fundi seremala, mwambie picha ya mlango wake niliipokea. Mjulishe pia mchungaji, atakuwa na kazi.

Nawakumbuka nyote.

Binti yako,
Syombua